Kutoka Dawati la Habari hadi Blogu ya Mapishi: Nani Kamwacha Nani?

Shoga yangu, yaani rafiki yangu wa kike, aliacha kazi ya redio siku chache kabla ya Ramadhani. Tulikaa chumba kimoja cha habari hapa Unguja kwa miaka, yeye akisoma taarifa ya usiku, mimi nikihariri. Leo ana blogu ya mapishi, mavazi, udi na safari, na hiyo ndiyo kazi yake ya kutwa, hana nyingine. Tangu atoke, nikikutana na waandishi wenzetu nasikia kauli mbili tu. Wapo wanaosema kajiokoa, na wapo wanaosema kaitupa fani. Nimezipima zote mbili, na naona wanaozisema wanamtazama yeye peke yake. Fani yenyewe hawaiulizi kitu.

Basi tuiulize. Waandishi wengi wa redio binafsi visiwani hawana ajira ya kudumu. Wanalipwa kwa kila habari, na habari isiyoruka hewani haina malipo, hata kama umekwenda Makunduchi kwa nauli yako ukarudi jua limezama. Hapo ndipo bahasha inapopata nguvu: aliyeandaa warsha anatoa posho, na mwandishi mwenye kodi ya nyumba ya kulipa hana uso wa kuikataa. Kesho yake habari ya warsha inasomwa, ya kisima kilichokauka kijijini inasubiri.

Kwa mwanamke mzigo unaongezeka. Zamu ya usiku inamalizika daladala za shamba zimeshakwisha. Akifika nyumbani mama anauliza, mume anauliza. Majirani hawaulizi, wao wameshaamua. Shoga yangu alipotoka uzazi aliomba zamu ya asubuhi ili amnyonyeshe mtoto. Aliambiwa wenzake wanaume hawana maombi kama hayo. Nilikuwepo. Nilinyamaza, na mpaka leo najuta kunyamaza. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987, na bado tuna vyumba vya habari ambamo kunyonyesha ni kosa la kikazi.

Juu ya hayo iko sheria. Magazeti ya Zanzibar yamekuwa chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1988, ya enzi za chama kimoja, na waandishi wamepigania ibadilishwe kwa miaka mingi. Gazeti la Dira lilifungiwa Novemba 2003, na kila mwandishi wa hapa aliyekuja baadaye amekua akijua kwamba gazeti linaweza kuondoka hivyo. Kwa hiyo anayesema huyu dada kaitupa fani, kwanza aeleze fani ilimshika mkono wapi.

Lakini hasara ipo, na sitaki kuifunika kwa sababu ni rafiki yangu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Siku kama ile nchi inahitaji mtu anayejua kusimama ufukweni Nungwi, akahesabu, akauliza nani aliiruhusu meli ing'oe nanga. Ujuzi huo haupatikani kwa simu nzuri na taa ya duara. Unajengwa kwa miaka ya kwenda mahakamani, kusubiri kwa sheha, kurudishwa mlangoni na kurudi tena. Kila mwanamke anayetoka anaondoka na miaka hiyo. Na wako wanawake ambao habari zao hawamwambii mwandishi mwanamume. Binti aliyedhalilishwa na jamaa wa nyumbani hatazungumza na kijana wa kiume mwenye kinasa sauti, hata awe na adabu kiasi gani.

Nataka nikae kidogo kwenye mwani, maana hapo ndipo nilipoona pande zote mbili kwa macho yangu. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilishika kasi visiwani kuanzia 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Miaka ya karibuni maji yamepata joto, ile aina yenye bei nzuri, cottonii, inaoza na kufa, na wakulima wengi wamebaki na spinosum, ambao bei yake ni ya chini. Tukiwa redioni tulitangaza habari hiyo mara kadhaa, dakika mbili kila mara, na sikumbuki msikilizaji hata mmoja aliyepiga simu. Mwaka jana shoga yangu aliandika juu ya sabuni za mwani zinazotengenezwa na wanawake wa Paje: rangi zake, harufu ya mkarafuu, namna ya kuogea mtoto mwenye ngozi kavu. Iliandikwa kwa mkono mwepesi kuliko habari nyingi nilizowahi kuzihariri. Watu waliisoma, wakaulizana, wakaagiza. Zile dakika zetu mbili hazikumuuzia mtu hata kipande kimoja.

Hata hivyo nilipomaliza kusoma sikujua mkulima anapata shilingi ngapi kwa kilo. Yule niliyemfahamu redioni asingetoka Paje bila tarakimu hiyo.

Nilimuuliza. Alisema hakuna aliyemkataza, ila alikwenda kwa mwaliko wa muuzaji, na kwenye mwaliko kuna maswali yanayokwama kooni. Nilimshukuru kwa ukweli wake, kwa sababu hapo ndipo ulipo mtihani wa kazi hii mpya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Watalii walioingia mwaka 2024 walipita 700,000. Fedha ya matangazo iko hotelini. Malipo ya mitandaoni si ya kutegemea: YouTube peke yake, kwa video za kawaida, inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja ndipo ikugawie mapato ya matangazo. Hoteli inakupa siku mbili na chakula papo hapo. Ukishalala kitanda cha bure, utaandika kwamba ukuta wake umeziba njia waliyokuwa wakipita wanawake kwenda pwani? Bahasha tuliyoikimbia kwenye warsha inatungoja mapokezi, imevaa sura ya chumba kinachotazama bahari.

Wala uhuru wa mtandaoni si mpana kama unavyosifiwa. Redio za hapa ziko chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, lakini mtandao nao una kanuni zake. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, ombi la leseni na ada za mwanzo zilifika shilingi milioni 2.1. Zimerekebishwa baadaye, lakini wapo waliofunga blogu zao wakati ule. Na Oktoba 2020, siku za uchaguzi, mitandao ya kijamii ilibanwa. Anayeishi kwa mitandao, siku hizo duka lake limefungwa na mtu mwingine.

Pamoja na yote hayo sikubali mtu aniambie kwamba aliyoyachagua ni mambo madogo. Singo ya kumsugua bibi harusi, kutia udi nguo, kusuka vikuba vya maua, kukoroga halua ya Pemba mpaka mkono ukaisha nguvu: haya ni maarifa, na yamekaa kwa makungwi na mabibi ambao tunawazika mmoja mmoja. Magazeti yetu yaliyapa ukurasa wa nyuma, pale panapobaki nafasi. Wageni wameyaandika kwa lugha zao na kuyauza. Mwanahabari aliyefunzwa kuuliza, kurekodi na kuhakikisha jina, akiyaandika kwa Kiswahili, anafanya kazi ambayo chumba cha habari hakikuwahi kumwachia aifanye. Na kuhamia kwenye blogu si lazima kuwe talaka na habari: Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianzisha yake mwaka 2005, na Watanzania wengi wa ughaibuni waliijua nchi yao ilivyoamka kupitia pale.

Kwa hiyo mimi simwombi arudi. Naomba redio ilipe habari ya kisima sawasawa na ya warsha, na mzazi apewe zamu ya asubuhi bila kudhihakiwa. Kwake yeye nimeomba jambo moja: aseme juu kabisa ya kila andiko nani amelipa.

Wiki iliyopita alinitumia rasimu ya safari yake ya Pemba. Juu ameandika kwamba boti, chakula na malazi amelipia mwenyewe. Ndani mna mama anayekausha mwani juu ya makuti, watoto wake, na mlo wa pweza wa nazi aliomkaribisha. Nilifuta vivumishi vinne, nikamwandikia pembeni: kilo anauza kiasi gani? Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, pamoja na jina la mnunuzi.