Kunde, ukame na urea: mkulima wa Handeni hajakosea sana

Vuli ikikatika mapema Handeni na Kilindi, mkoani Tanga, mabishano yale yale hurudi shambani. Kunde za wiki nne zimeanza kugeuka njano, na mwenye shamba anataka kuzitupia urea, mbolea ya nitrojeni. Bwana shamba anamkataza: kunde hujitengenezea nitrojeni yenyewe kutoka hewani, urea itaua kazi ya vinundu, vile vivimbe vya mizizini vyenye bakteria wanaotengeneza nitrojeni hiyo, na pesa itapotea. Kwa mwaka wa mvua nzuri bwana shamba yuko sahihi kabisa. Ukame hubadili hesabu hiyo, na mkulima anaambiwa hajui kitu wakati jicho lake limeona jambo la kweli.

Vinundu huacha kazi kabla jani halijanyauka. Bakteria waliomo ndani wanaishi kwa sukari inayoshuka kutoka kwenye majani, na wanahitaji hewa ya oksijeni kwa kipimo. Udongo ukianza kukauka, ngozi ya kinundu hubana, oksijeni inayoingia hupungua, na sukari iliyofika haivunjwi kama kawaida. Zaidi ya hapo, kunde, soya na maharage husafirisha nitrojeni yao kwa umbo la yureidi, kemikali yenye nitrojeni inayotoka kwenye vinundu kwenda juu. Maji yakipungua yureidi hurundikana kwenye mmea, na mrundikano huo unahusishwa na kinundu kupunguza kazi. Karanga husafirisha kwa umbo jingine, na kwa jumla mimea ya kundi hilo huchelewa kidogo kuathirika. Basi shamba la kunde linaweza kuonekana la kijani asubuhi, majani yamesimama vizuri, huku chini utengenezaji wa nitrojeni umeshashuka. Kibaya zaidi, vinundu vingi hukaa sentimita chache tu chini ya shina, kwenye tabaka linalokauka kwanza, hata kama mzizi mkuu bado unapata unyevu huko chini.

Mvua ikirudi baada ya siku chache, vinundu huamka. Ukame ukiwa mkali na mrefu, hufa. Vya kunde ni vya mviringo, havina ncha inayoendelea kukua, kwa hiyo mmea hulazimika kuunda vipya, kazi ya wiki kadhaa. Kunde ya kukomaa kwa siku 65 au 70 ikishatoa maua haina wiki hizo.

Hoja ya bwana shamba nayo ina uzito wake. Naitreti, yaani nitrojeni ya udongoni inayonyonywa na mizizi, ikijaa, mmea hauhangaiki kuunda vinundu. Urea iliyomwagwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo na jua kali hugeuka amonia na kupaa. Tena shamba nyingi zinakosa fosforasi kuliko zinavyokosa nitrojeni, na kinundu kinaila sana: kila molekuli moja ya nitrojeni ya hewani inagharimu angalau molekuli 16 za ATP, kibeba nishati cha seli, na ATP haiundwi bila fosforasi. Mwenye pesa ya mbolea moja tu anunue ya fosforasi, kama TSP au ile ya Minjingu, aiweke wakati wa kupanda.

Hata hivyo, kwenye soya imeonekana kwamba unyonyaji wa naitreti huvumilia upungufu wa maji kuliko kazi ya vinundu. Mmea wenye akiba ndogo ya naitreti udongoni una pa kushika wakati vinundu vimelala. Ndiyo maana kwenye udongo wa kichanga, uliochoka, dozi ndogo ina mantiki: kilo 10 za urea kwa ekari, yaani kilo 4.6 za nitrojeni. Kwa mistari ya sentimita 60, kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, hutosha mita tatu za mstari. Iwekwe udongo ukiwa na unyevu wa kutosha baada ya mvua, sentimita 5 pembeni ya shina, na kufukiwa. Mkulima hukosea pale anapoirusha juu ya vumbi akisubiri wingu.

Kabla ya kufungua mfuko, achimbe mimea mitano sehemu tofauti. Achimbe kwa jembe, kwa sababu ukiing'oa vinundu hubaki chini. Kinundu kikipasuliwa kwa ukucha kikawa chekundu au cha waridi, kinafanya kazi na urea haihitajiki. Cheupe bado hakijaanza au bakteria wake hawafai; cha kijani au kahawia chenye kulegea kimekwisha.

Jambo linalosahaulika kabisa katika mabishano haya ni mahindi ya masika yanayofuata. Kunde kavu zina protini karibu asilimia 24, kwa hiyo gunia la kilo 100 linaondoka na karibu kilo 4 za nitrojeni. Magunia matatu ni kilo 12, sawa na nusu mfuko wa urea. Mwaka mzuri sehemu kubwa ya kilo hizo imetoka hewani. Mwaka wa ukame vinundu vimelala, nitrojeni hiyo imechotwa udongoni, na mmea mzima umeng'olewa kwenda kupurwa nyumbani, mabaki yakaishia kwa mbuzi. Ongeza majani yaliyochumwa kwa mboga tangu wiki ya tatu, majani ambayo ndiyo yangelisha vinundu. Kisha mahindi yakidumaa, husemwa kwamba kunde hazirutubishi ardhi. Kunde hazikupewa nafasi ya kurutubisha.

Kwa hiyo baada ya vuli mbovu, mahindi yapewe mbolea ya kukuzia kipimo kamili, kana kwamba shamba halikuwa na kunde. Kupunguza kunafaa tu pale vinundu vilipokuwa vyekundu hadi maganda yanajaa, na mabua yakarudishwa shambani baada ya kupurwa.