Aliyeng'atwa Ndiye Mshitakiwa

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkikuta herufi zimeruka mnivumilie. Wa kulia nimeulaza juu ya mto, umefungwa kitambaa, na nikikifunua naona vijitundu vimejipanga nusu duara kama kushona kwa fundi anayejifunza. Ni mkono huu huu ninaosalimia watu nao.

Hapana, sijagongwa na nyoka wa porini. Wa porini angenigonga ningepata huruma. Nimeng'atwa na nyoka wangu, ninayemlisha mimi, ninayemnunulia taa ya joto mimi, ndani ya nyumba yangu, asubuhi, hata uso sijanawa.

Jina lake Mpole. Msicheke. Siku aliyoletwa alijikunja akawa mpira, kichwa kakificha katikati, haya tupu, jina likajileta lenyewe. Ni chatu yule mdogo wa Afrika Magharibi. Wenye elimu wanamwita Python regius, yaani chatu wa kifalme, nami nikaona si haba, tutakaa na mfalme. Sumu hana. Najua hana, maana ndilo neno la kwanza unaloambiwa huku damu inakutoka: "Lakini si hana sumu?" Hana. Ana meno. Juu safu nne, chini mbili, na yote yameelekea kooni kama njiti za dema: kuingia rahisi, kutoka ni kesi.

Na kesi ilisikilizwa leo leo.

Nilikwenda kumbadilishia maji tu. Nikafungua kifuniko, nikaingiza mkono kwa heshima zote, nikaona shingo inajikunja S. Wafugaji wenzangu mnaijua S ile. Ukishaiona, herufi inayofuata hutaiwahi. Mpole huyo! Kadaka hapa kati ya gumba na cha shahada, na kabla sijajua nisali au nitukane, kajiviringisha mara mbili kwenye kifundo cha mkono, anabana.

Nikaita watu. Wapo wanaosema nilipiga ukelele. Niliita watu.

Mama watoto akaja hadi mlangoni, akasimama. Kizingiti kile ndio mpaka wake tangu Mpole ahamie. "Nilikwambia," akasema. Hakusema aliniambia nini, na sikuuliza.

Akaja binti yangu. Ana miaka 12 na nyoka ni wake. Ni wake siku ya kupiga picha. Siku ya kuzoa mavi ni wangu. Hakukimbia. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa kama daktari anayeangalia picha ya eksirei, akasema:

"Baba, ulinawa mikono?"

Mkono una chatu, naulizwa kama niliunawa.

"Mama, mtoe kwanza."

"Usivute."

"Sivuti!"

"Unavuta, baba. Ukivuta meno yatakatikia ndani, na yeye ataumia mdomo."

Ataumia mdomo. Nikamgeukia mke wangu nione kama na yeye kalisikia hilo. Alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko, macho kwa nyoka.

"Panya ulimshika kwa koleo au kwa mkono?"

Hapo mshitakiwa akakaa kimya. Kweli, panya alikuwa jikoni ndani ya maji ya uvuguvugu, anayeyuka barafu, na kweli, nilimbonyeza kidogo.

"Nilikuwa naangalia kama katikati pamelainika."

"Kwa hiyo mkono ulikuwa unanuka panya." Hakunifokea, laiti angenifokea. Alinieleza polepole, kama anavyomweleza mdogo wake hesabu za kugawanya. Kwamba Mpole anaonja hewa kwa ulimi. Kwamba pembeni mwa midomo ana vishimo vya kuhisi joto. Kwamba kilichoingia kwake asubuhi kilikuwa na harufu ya panya na joto la kiumbe. "Wewe ungekuwa Mpole ungefanyaje?"

"Ningeangalia ukubwa kwanza!"

"Na kigoe?"

Kigoe kilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka nilipo, kinang'aa. Sheria ya kigoe naijua, nimeitungia hotuba: kabla hujamshika, mguse mwilini taratibu kwa kile chuma, kila siku vilevile, mpaka azoee kwamba akiguswa si wakati wa kula, ni wakati wa kutolewa. Wageni wote wamesikia hotuba hiyo.

"Yalikuwa maji tu," nikasema.

"Yeye angejuaje kuwa ni maji tu?"

Hapo nikapandisha. Ubaba una kikomo chake, na wangu ulikuwa umebanwa kwenye kifundo. Nikasema mimi ndiye niliyeng'atwa! Mimi ndiye ninayetoka damu! Nikasema katika nyumba hii nataka siku moja, moja tu, mtu aulize nyoka naye kafanya nini!

"Hajafanya kitu, baba. Angekuwa amekasirika au ameogopa angegonga na kuachia. Huyu kashikilia na kubana. Hana ugomvi na wewe. Kakudhania chakula tu."

Nikajisikia nafuu kidogo. Ikanichukua muda kugundua ninachofurahia.

Hukumu ikawa twende bombani. Mnajua tena, maji ya baridi mdomoni ili aachie, na ikishindikana tone la spiriti karibu na midomo. Tukatoka kwa msafara: mimi mbele nimenyoosha mkono kama ninayebeba taa, Mpole juu yake, binti nyuma ameshika ncha ya mkia anamfungua kuanzia huko, maana huko nguvu ni kidogo, na mama watoto ametutangulia kwa mbali, anafungua milango bila kugeuka. Maji yakamwagika. Mpole akafikiri. Binti akasema nimsukume kichwa kidogo kuelekea kwangu, meno yachomoke yalivyoingia. Kuelekea kwangu! Nikasukuma. Nimeishi miaka 46 sijawahi kufanya jambo linalopingana na akili yangu yote namna ile. Akaachia. Kisha akapiga mwayo mrefu, taya moja huku, moja kule, akaziweka sawa, akanitazama bila kupepesa. Najua hana kope. Hata hivyo alinitazama.

Nikanawa kwa sabuni, mara mbili, kwa sababu ya salmonela, wale vijidudu vya kuharisha, huku yeye anarudishwa kwake kwa mikono miwili, mwili wote umekingwa, anabembelezwa. "Tusimguse siku mbili," binti akasema. "Ameshtuka."

Ameshtuka yeye.

Jirani aliposikia aliuliza kama nimeshaandika wosia. Shemeji kashauri glavu. Glavu nilishajaribu: humhisi, unambana kuliko ulivyokusudia, naye anaanza kukuchukia kwa sababu halali. Fundi bomba aliliona kasha la kioo mwaka jana, akakumbuka spana aliyoisahau, na hadi leo bado kaifuata.

Tena haya yote yamekuja siku chache tu baada ya Mpole kujivua gamba. Gamba la kweli, si lile la majukwaa ya siasa. Macho yaliingia ukungu wa samawati, haoni vizuri, ana hasira, nasi tukapewa amri ya kunyata. Masikio ya nje hana, lakini mtikisiko wa sakafu unamfika kupitia taya. Nyumba nzima ikanyata. Mimi nilipokuwa na homa watoto waliruka kamba nje ya chumba changu.

Na joto lake. Upande wa moto nyuzi 32, upande wa baridi 26, kidhibiti kinawaka usiku kucha kisije kikateleza hata nyuzi mbili. Blanketi langu mimi halina kidhibiti, lina mke. Na umri, hili la umri ndilo linalonikosesha usingizi: hawa wakitunzwa vizuri wanaweza kufika miaka 30. Mpole ana minne. Binti atasoma, ataondoka, atakuwa na nyumba yake na masharti yake kuhusu wanyama, na mimi mzee wa miaka 72 nitakuwa nanyata na koleo natafuta miwani.

Kugoma kula ndiyo sizungumzii. Anaweza kukaa miezi hali, kwa sababu zake. Panya wa asubuhi kakataliwa, na akishayeyuka harudishwi kwenye barafu, kwa hiyo katupwa. Kila wiki Mpole anapimwa kwenye mizani ya jikoni, gramu kwa gramu. Mara ya mwisho mimi kupimwa nilikuwa na mama yangu.

Vipimo vinaandikwa kwenye daftari. Tarehe, uzito, kala nini, kajivua lini. Jioni hii nimelifungua kwa mkono wa kushoto nione kama tukio la leo limeingia kwenye kumbukumbu. Limeingia. Mwandiko mzuri, mstari mmoja:

"Jumamosi. Gramu 1,480. Panya: amekataa. Baba: alijaribu, akaacha. Kujaribu tena Jumatano."

Nikamwita. "Kujaribu tena nini, mama?"

"Panya, baba," akasema. Lakini alifikiri kwanza.