Wazungu hawajawatupa wazee wao, na sisi tusijidanganye kuhusu ukoo wetu

Kila picha ya makao ya wazee ya Ulaya inapopita kwenye makundi yetu ya WhatsApp, maoni huwa yale yale: wazungu wana pesa lakini hawana utu, wanawatupa wazazi wao. Mimi nafanya kazi kwenye makao ya namna hiyo, mjini Kassel, Ujerumani, na uuguzi wa wazee nimeusomea hapa hapa kwa miaka mitatu. Maoni hayo nayajibu kwa sababu yanatuumiza sisi kuliko yanavyowaumiza wao. Tukishajiridhisha kwamba ukoo wetu unatosha, hatuidai serikali chochote.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Ujerumani ilikuwa na watu wapatao milioni 5.7 wanaohitaji matunzo ya kila siku. Katika kila kumi, zaidi ya wanane walikuwa nyumbani kwao. Milioni 3.1 walitunzwa hasa na ndugu: mke, mume, binti, mkwe. Waliokuwa makaoni ni kama laki nane tu, na hao ndio ninaowaona mimi. Wengi huletwa familia ikiwa imeshachoka kabisa. Utamkuta binti wa miaka 60 ambaye mgongo wake umekwisha, au mume wa miaka 85 aliyekuwa akimnyanyua mkewe kitandani peke yake mpaka siku wakaanguka wote wawili. Binti huyo siku ya kwanza hulia kuliko mama yake. Kutelekeza wazazi kupo huku, kama kulivyo kwetu, ila sicho ninachokutana nacho kila zamu.

Kilichobadilika huku ni familia yenyewe, na sheria imekuwa ikiifuata nyuma, mara nyingi kwa kuchelewa sana.

Bismarck, kansela wa Ujerumani wa wakati huo, alipoanzisha pensheni mwaka 1889, umri wa kuipata ulikuwa miaka 70, na wachache waliufikia. Pesa ilikuwa ndogo. Haikudhaniwa kwamba mzee angeishi kwa hiyo peke yake. Alitarajiwa kuwa na watoto karibu. Mwaka 1957 pensheni ikafungamanishwa na mishahara: wanaofanya kazi leo wanawalipa waliostaafu leo, na wao watalipwa na watakaokuja. Mpango huo ulisimama juu ya sura moja ya familia. Baba ana ajira ya kudumu, mama yuko nyumbani, watoto wanazaliwa wa kutosha, ndoa inadumu mpaka kifo. Mama alipata haki zake kupitia kwa mume, na mume akifa alipata pensheni ya mjane. Mpaka mwaka 1977 sheria ya ndoa ya Ujerumani Magharibi ilimruhusu mke kufanya kazi ya mshahara ilimradi isigongane na wajibu wake wa nyumbani. Hivi ninavyoandika, wazee ninaowaogesha ni watu walioishi chini ya sheria hiyo.

Kisha watu wakaanza kuachana kwa wingi. Mama aliyelea watoto miaka 20 na kuachika akajikuta anaelekea uzeeni mikono mitupu, kwa sababu michango yote ilikuwa kwa jina la mume. Ndipo mwaka 1977 wakaingiza utaratibu ambao mimi nauheshimu kuliko yote niliyoyajua huku: ndoa ikivunjika, haki za pensheni zilizochumwa ndani ya ndoa zinagawanywa kati ya wawili, hata kama mmoja hakuwahi kupokea mshahara. Mwaka 1986 wakaongeza hatua nyingine, miaka ya kulea mtoto mchanga ikaanza kuhesabiwa kama miaka ya kazi kwenye pensheni. Leo ni miaka mitatu kwa kila mtoto aliyezaliwa tangu 1992. Waliojifungua kabla ya hapo walipewa pungufu, na wamepigania nyongeza mpaka ikapanda mwaka 2014 na tena 2019.

Kwetu tulilianza wazo hilo mapema, na wengi hatujui. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Lakini unamsaidia mwanamke ambaye kuna nyumba au shamba la kugawana, na ambaye ana nguvu ya kufika mahakamani. Uzeeni mwake haumwekei kitu.

Au chukueni suala la baba asiyelipa matunzo ya mtoto. Ujerumani, tangu mwaka 1980, serikali inamlipa mzazi anayelea peke yake, kisha yenyewe inakwenda kumdai yule mwingine. Mwanzoni fedha hiyo ilikuwa kwa watoto wadogo sana na kwa miaka michache. Tangu 2017 inafika mpaka mtoto atimize miaka 18. Hawakufanya hivyo kwa kupenda talaka. Walikubali kwamba zipo, na kwamba mtoto hawezi kusubiri wazazi wamalize ugomvi wao. Kwetu, mwaka 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita kina mama waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake, na umati uliojitokeza kila mtu aliuona. Wale kina mama walikuwa wanatueleza jinsi familia za mjini zilivyo sasa. Ofisi za Ustawi wa Jamii zinajitahidi kuita pande mbili na kupatanisha, lakini baba akizima simu, mama anarudi nyumbani na mtoto wake vile vile.

Kwa upande wa uzazi nitasema machache. Mwaka 2007 Ujerumani ilianzisha Elterngeld, posho ya wazazi, inayolipa takriban theluthi mbili ya mshahara kwa muda wa mpaka miezi 14, ikiwa miezi miwili kati ya hiyo itachukuliwa na mzazi wa pili. Akina baba, ambao zamani waliokaa nyumbani na mtoto mchanga walihesabika kwa vidole, sasa wanachukua likizo hiyo kwa wingi. Agosti 2013 kila mtoto akapewa haki ya nafasi ya chekechea kuanzia akiwa na mwaka mmoja, ingawa nafasi zenyewe bado hazitoshi na wazazi wanahangaika. Wapo wanaosema sera hizi zimeshindwa kwa kuwa Wajerumani bado hawazai. Ni kweli, wastani ni kama watoto 1.35 kwa mwanamke. Mimi sikipokei kipimo hicho. Mama aliyeweza kurudi kazini bila kumfungia mtoto ndani amefaidika, hata kama hakuongeza wa pili. Tanzania, sheria ya kazi inampa mama siku 84 na baba siku tatu, na hizo ni kwa mwenye mkataba. Mama lishe anarudi jikoni akiwa bado na maumivu.

Sasa nirudi kwa wazee, ndiko moyo wangu uliko.

Miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, mabinti wa Kijerumani walikuwa wameingia kwenye ajira, watoto walikuwa mmoja au wawili, nao wameolewa mbali, na wazee walikuwa wanaishi muda mrefu wakiwa dhaifu. Waliohitaji matunzo waliishiwa akiba na kuangukia misaada ya halmashauri, na halmashauri zikalemewa. Mwaka 1995 ikaanza bima ya matunzo, ambayo ni lazima kama ilivyo bima ya afya. Leo mchango wake ni asilimia 3.6 ya mshahara, ukigawanywa na mwajiri. Asiye na mtoto, akishapita miaka 23, anakatwa zaidi, na mwenye watoto wengi wadogo anakatwa pungufu. Makato hayo ya ziada yalitokana na Mahakama ya Katiba mwaka 2001 kusema kwamba anayelea watoto anauchangia mfumo mara mbili, kwa pesa na kwa kuwalea watakaolipa kesho. Mimi nina mtoto mmoja, mwenzangu wa zamu hana. Mshahara wetu ni sawa, ila yeye anakatwa zaidi. Ukubwa wa familia ya mtu unasomeka kwenye karatasi ya mshahara.

Na bima hii haikuanzishwa ili kujaza makao. Mzee anayetunzwa nyumbani hulipwa posho kulingana na hali yake, inayopimwa kwa ngazi tano za kutojiweza: euro 347 kwa mwezi kwa ngazi ya pili, 599 kwa ya tatu, 800 kwa ya nne, 990 kwa ya tano, na kwa kawaida humpa yule ndugu anayemhudumia. Zaidi ya hapo, ndugu anayemtunza mzee kuanzia saa kumi kwa wiki, asiyefanya ajira nyingine kwa zaidi ya saa 30, bima inamlipia michango yake ya pensheni. Someni tena sentensi hiyo. Binti anayembadilisha mama yake nguo usiku anajengewa uzee wake mwenyewe.

Mama yangu yupo Muheza, mkoani Tanga. Alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Anayemhudumia ni wifi yangu, mke wa kaka. Alikuwa na genge lake, linakwenda vizuri, akalifunga. Anamwogesha, anamlisha, anamgeuza asipate vidonda, anampeleka kliniki kwa bodaboda mtu mwingine akimshikilia kwa nyuma. Kila mwezi natuma pesa, na kila mwezi ukoo mzima unanishukuru. Kwenye vikao jina langu linatajwa kwanza. Wifi anaambiwa "Mungu atakulipa", kisha mazungumzo yanaendelea. Kazi anayoifanya ndiyo ile ile ninayoifanya mimi Kassel, tena mimi nina kitanda cha umeme, glavu, mwenzangu wa kusaidiana naye na siku za mapumziko. Kwa hali aliyo nayo Mama, kwa jinsi nilivyofundishwa kupima, ngazi yake isingepungua ya tatu. Wifi angekuwa analipwa, na michango yake ya uzeeni inaingia. Badala yake hana biashara wala hana mahali anapochangia. Watoto wake wawili wapo Dar es Salaam na Dodoma, wote katika vyumba vya kupanga. Nani atamgeuza yeye?

Hili ndilo ninalowaomba ndugu zangu walitazame. Tunauita ukoo, lakini kwenye matunzo mara nyingi ni mwanamke mmoja. Wengine tuko mijini na ughaibuni tukituma kwa simu. Familia yetu nayo imebadilika, imetawanyika, na mimi ni sehemu ya mabadiliko hayo. Nimekuja kutunza wazee wa wengine kwa sababu watoto wao ni wachache na wako kazini. Kabla yetu walitangulia wanawake wa Poland na Bulgaria wanaolala nyumbani kwa wazee wa Kijerumani. Mwaka 2021 mahakama kuu ya kazi ilibidi iseme kwamba hata saa za kukaa tayari usiku zinapaswa kulipwa kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2024 Kenya ilitia saini makubaliano na Ujerumani kuhusu uhamiaji na ajira, na wauguzi vijana wengi wanajifunza Kijerumani Nairobi na Mombasa hivi sasa. Kila mmoja wao ana mama.

Mfumo wa huku una makosa, nami nayaona. Kukaa makaoni kunamgharimu mzee karibu euro 3,000 kwa mwezi kutoka mfukoni mwake, juu ya kile bima inacholipa. Nimewaona waliofanya kazi maisha yao yote wakimaliza akiba na kujaza fomu za misaada kwa aibu kubwa. Kodi ya pamoja ya wanandoa, iliyoanza mwaka 1958, bado inazinufaisha zaidi ndoa ambazo mmoja analipwa vizuri na mwingine amebaki nyumbani au ana kibarua. Hata hivyo wamefanya jambo moja la heshima: tangu mwaka 2020 mtoto hadaiwi gharama za matunzo ya mzazi wake ila kipato chake kipite euro 100,000 kwa mwaka. Wakati huo huo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Naipenda sentensi hiyo kwa kutaja wote wawili. Sisi Tanzania tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na mzee wa bara ambaye hakuwahi kuajiriwa bado hana pensheni. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, ni kwa waliochangia, na misaada ya TASAF ni kwa kaya zilizothibitishwa kuwa maskini sana.

Nikisema haya naambiwa hatuna pesa. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au alivua samaki, kwa fedha za bajeti yake yenyewe. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Pesa hiyo haitoshi kumtunza mgonjwa wa kiharusi. Hata ile ya Bismarck ilikuwa ndogo, na umri ulikuwa huo huo wa miaka 70. Lakini ukishakuwa na orodha ya wazee wote na njia ya kuwafikishia pesa, unaweza kumwongeza na anayewatunza. Ningeanzia hapo: pensheni ya kila mzee bara, halafu michango ya NSSF kwa ndugu anayemhudumia mtu asiyejiweza, ilipwe na serikali, ithibitishwe na zahanati na ofisi ya kijiji, ambao tayari wanajua nani kalala kitandani nyumba gani. Wazee wa bara ni wengi kuliko wa Zanzibar, na bajeti ya bara nayo ni kubwa kuliko ya Zanzibar.