Chanjo ya HPV: je, wavulana nao wapewe?

Tangu mwaka 1983, Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walipotambua aina ya 16 ya virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana, katika uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi, ushahidi kwamba virusi hivi husababisha saratani umezidi kuimarika. Aina ya 16 na ya 18 pekee huchangia takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba HPV huhusika pia na takriban asilimia 90 ya saratani za njia ya haja kubwa, nyingi za uke na karibu nusu ya zile za uume. Virusi hutengeneza protini mbili, E6 na E7, zinazozima protini za seli zenye kazi ya kuzuia mgawanyiko holela, na seli ikaendelea kugawanyika hata vinasaba vyake vikiwa vimeharibika. Maambukizi mengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili. Yanayong'ang'ania huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, na muda mfupi zaidi kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa.

Ikiwa virusi havichagui jinsia, kwa nini Tanzania, iliyoanza kuchanja nchi nzima mwaka 2018, na Kenya, iliyofuata mwaka 2019, zilianza na wasichana tu?

Hoja ya wanaotetea uamuzi huo ni nzito. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 HPV ilisababisha saratani 620,000 kwa wanawake na 70,000 kwa wanaume. Wasichana wengi wakichanjwa, wavulana watakaokuja kuwa wenzi wao hukingika pia, na fedha zilizopo huokoa maisha mengi zaidi. Hata hivyo, kinga hiyo ya mgongoni mwa wengine haiwafikii wanaume wanaojamiiana na wanaume, ambao, hasa wakiwa na VVU, ndio walio katika hatari kubwa ya saratani ya njia ya haja kubwa. Tena, chanjo inayotolewa kwa wasichana peke yao imeupa nguvu uvumi kwamba inaharibu uzazi. Uvumi huo hauna ushahidi wowote, lakini mzazi anayeuliza mbona kaka wa binti yake hachanjwi anastahili jibu kamili, na mara nyingi halipati.

Australia iliwaingiza wavulana mwaka 2013, Uingereza mwaka 2019. Dozi moja, ambayo Tanzania iliihamia mwaka 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, imepunguza gharama na kulifanya jambo hilo lifikirike hata kwetu. Pamoja na hayo, naona shilingi inayookolewa iende kwanza kwa mama wa miaka 35, ambaye huenda aliambukizwa zamani na chanjo haiwezi kumtibu. Anachohitaji ni muuguzi wa kumpaka siki kwenye mlango wa kizazi, kusubiri dakika moja, kuangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe, ishara ya seli zinazoweza kuja kuwa saratani, na kumtibu siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa maana akiambiwa arudi wiki ijayo, nauli na kazi za shamba huweza kumzuia. Wavulana wafuate baada ya hapo, na wazazi waelezwe hivyo tangu sasa.