Mzee, maji yako yamelala sebuleni kwangu

Jumamosi nimeamka nikakuta ndala za watoto zinaelea sebuleni. Na hapa kwangu hakuna mto. Kuna uwanja wa jirani wa juu, ambao tangu Agosti umetandikwa pevingi kutoka getini hadi ukuta wa nyuma, na miparachichi yote miwili ikakatwa eti inachafua. Nikapanda kumsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeona? Kwangu safari hii hakuna tope kabisa!"

Nimeona, mzee. Limehamia kwangu.

Tupige hesabu ya darasa la tano. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita za mraba 400, kote bati na pevingi, ikanyesha milimita 30: lita 12,000. Ni matangi kumi na mawili ya lita elfu, yote yamefunguliwa koki juu ya mteremko. Zamani udongo ulikunywa sehemu yake, na majani yakayatuliza yaliyobaki. Sasa zidisha kwa kila nyumba hapa Mbeya, kuanzia miguuni pa mlima Loleza hadi Mwanjelwa, halafu uniambie mtaro wa futi mbili umekosa nini.

Kwenye mkutano wa mtaa tumeambiwa tuchange, mtaro upanuliwe. Haya, nakubali umejaa chupa, na tunaozitupa ni sisi. Lakini mtaro mpana utamfikishia mtu wa chini mafuriko yake mapema zaidi, basi.

Kwa bibi yangu Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Bati lake lilimwaga maji kwenye shimo la mawe, mbali na msingi, na kando ya shimo ikasimama migomba iliyonenepa kama ya maonyesho. Ndala ilikaa pale ulipoivua.

Hapo sijawagusa waliojenga ndani ya mita 60 za mto, na sheria ya mazingira ipo tangu 2004. Na mlimani kwenyewe hata shimo si dawa, ni kutojenga tu. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere liliposhukia nyumba za watu Itezi, tulilia wote. Kisha tukarudi kuchimba misingi.

Mzee, sikuombi ung'oe pevingi yote. Niachie ukanda wa mita mbili huko chini na shimo moja. Mawe nitabeba mimi, machipukizi ya migomba ninayo.

Na samahani, zulia langu nimelianika kwenye uwanja wako. Ndiko kunakokauka haraka.