Jua la saa tisa usiku

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na kitu, linazama saa kumi na mbili na kitu, Januari mpaka Desemba, na hata saa zetu tumezihesabia hapohapo. Juni yangu ya kwanza Harbin, kaskazini mashariki mwa China, nilizinduka chumba kimejaa mwanga, nikakurupuka nikijua nimeshachelewa darasani. Kutazama saa: saa kumi kasoro dakika ishirini. Alfajiri hata haijaadhiniwa kwetu! Wiki mbili nzima sikulala kama mtu.

Bibi aliyekuwa akiuza mikate ya mvuke chini ya bweni letu aliyaona macho yangu mekundu, akasema neno moja tu: Xiazhi. Ndipo nilipoanza kuijua kalenda yao ya jua. Mwaka wameukata vipindi 24, kila kimoja siku 15 hivi. Xiazhi, chenye mchana mrefu kuliko yote, huangukia Juni 21 au karibu yake, na Harbin mchana wake hukaribia saa 16. Dongzhi, chenye mchana mfupi kuliko yote, mwishoni mwa Desemba, jua limeshazama kabla ya saa kumi alasiri.

Wapo wanaoisoma kalenda hii kama falaki: kipindi kimegeuka, basi ndiyo maana hulali. Hapo ninawaacha. Kilichonikesha mimi ni mwanga. Jicho likiuona, ubongo hupunguza melatonini, ile homoni inayouarifu mwili kuwa usiku umeingia. Na ushahidi uko China kwenyewe, maana tangu 1949 nchi nzima inafuata saa ya Beijing. Siku hiyohiyo ya Xiazhi, Kashgar, magharibi kabisa, jua huzama baada ya saa nne usiku. Kipindi ni kimoja, lakini wa Harbin anaamshwa na wa Kashgar anacheleweshwa kulala. (Wengi huko magharibi wana saa yao isiyo rasmi, nyuma kwa saa mbili. Ningekuwa huko ningeifuata.)

Hata hivyo wazee wale walikuwa na jambo. Huangdi Neijing, kitabu chao cha tiba cha yapata miaka 2,000, kinashauri wakati wa baridi ulale mapema na usiamke mpaka jua litoke. Wakati wa joto uchelewe kulala na uwahi kuamka. Yaani usingizi wa Juni haudaiwi ulingane na wa Desemba. Sisi tunavaa saa zinazotupa maksi za usingizi kila asubuhi, tukipungukiwa nusu saa tunaingiwa na hofu, na usiku unaofuata hofu hiyo ndiyo inayotukodolesha macho.

Bibi alinipa pia mbegu za kunazi la kwao, jamaa ya mkunazi wetu, nichemshe ninywe kabla ya kulala. Nilikunywa kwa heshima, usingizi haukuja. Kilichonisaidia ni pazia zito jeusi. Ila ukikosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, miezi mitatu mfululizo, achana na misimu na mapazia, kamuone daktari. Ipo tiba ya kurekebisha mazoea ya kulala, na si lazima ianze na vidonge.

Dongzhi ilipofika, bibi alinigongea mlango na sahani ya jiaozi, mfano wa sambusa za kuchemsha, kama ilivyo desturi ya kaskazini siku hiyo. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa bado nimelala, na safari hii darasani nilikuwa nimechelewa kweli.