Malindi na Marafiki wa Mbali: Kosa Lilikuwa Wapi?

Ukizungumzia Nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, pale Malindi, ugomvi ni uleule. Wapo wanaoshikilia kwamba mfalme aliyempokea Mreno huyo Aprili 1498 ndiye aliyeifungulia pwani nzima mlango wa balaa. Wengine humsifu kuwa mtawala aliyejua kulinda mji wake. Mimi naamini mfalme yule hakukosea. Waliokosea ni waliomrithi, tena karibu miaka mia moja baadaye.

Malindi ilikuwa mji mdogo uliojiendesha kama nchi. Kusini yake ilikuwepo Mombasa, yenye bandari bora na nguvu zaidi, na miji hiyo miwili haikupatana. Da Gama alifika Malindi siku chache tu baada ya kukorofishana na Mombasa. Alikuwa na mizinga, na kwao kulikuwa mbali mno hata asiweze kudai shamba wala mpaka. Mfalme akampa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut, huko India. Kwa aliyoyajua siku ile, sioni angefanya nini bora zaidi.

Tena Malindi ilikwisha kuonja urafiki wa namna hiyo. Mwaka 1415 ilimpelekea twiga mfalme Yongle wa China, na kasri likampokea mnyama yule kama ishara ya baraka. Merikebu za Zheng He, amiri wa Kichina, ziliwarudisha wajumbe wa Malindi katika safari iliyoanza 1417. Baada ya safari ya mwisho, ya 1431 hadi 1433, Wachina hawakurudi. Malindi haikudhurika kwa kuondoka kwao: hawakuwa wamejenga ngome, wala hawakuwa wamemwondoa mtu madarakani.

Kwa Wareno mambo yalikwenda kwingine. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hii iliua. Mombasa ilitekwa na kuchomwa 1505, kisha tena 1528, na mara hii ya pili watu wa Malindi walikuwa upande wa washambuliaji. Hapo hoja ya wanaomlaumu mfalme ina uzito, nami siwezi kuipuuza. Waliouawa Mombasa walikuwa watu wa dini moja na lugha moja na Malindi, wengine bila shaka wakwe na binamu. Lakini Kilwa na Mombasa zilipoporwa, Malindi ilisalimika, na mtawala huulizwa kwanza habari za watu wake.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuja mwishoni mwa karne ile. Mombasa ilianguka 1589, ikishambuliwa na Wazimba, wapiganaji waliotoka bara upande wa kusini, na Wareno kwa wakati mmoja. Haukupita muda, mtawala wa Malindi akakalia kiti cha Mombasa, na 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Ushindi ulioje! Hasimu wa tangu enzi za mababu amepigwa, na kiti chake ni chako. Kumbe rafiki wa mbali amekuwa jirani mwenye ngome na kapteni, na wewe unatawala watu wasiokutaka, kwa hisani yake. Sultani Hassan, wa ukoo huo wa Malindi, aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia Rabai 1614 na kuuawa huko. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 alimuua kapteni na kuiteka ngome, na mwaka uliofuata akaiacha. Malindi yenyewe wakati huo ilikuwa imedhoofika, kwa kuwa watawala wake walikwisha kuhamia Mombasa.

Naona swali hilohilo la rafiki wa mbali leo huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano. Kutoka jukwaa lao la San Marco baharini, setilaiti zilirushwa tangu 1967 hadi 1988, ikiwemo ile iliyopewa jina Uhuru, Desemba 12, 1970. Wanaoutetea uhusiano huu husema umeleta ajira na kuipa nchi jina katika sayansi. Wanaoulaumu husema kwa miaka mingi Kenya ilikuwa mwenye ardhi tu, huku elimu ikienda Roma. Nawaunga mkono hawa wa pili, ila sioni sababu ya kuwafukuza Waitaliano. Hawajengi ngome, na makubaliano mapya ya 2016 yametaja mafunzo kwa Wakenya na matumizi ya data za setilaiti.

Yaliyotajwa yaonekane. Bunge na Kaunti ya Kilifi wawaambie wananchi waziwazi ni vijana wangapi wa Magarini na Malindi wamesomeshwa, data hizo zimemfikiaje mvuvi wa Ngomeni, na ni kifungu gani kinachoiruhusu Kenya kujitoa ikiona haifaidiki.